Swali Ambalo Sikulifikisha kwa Mwalimu wa Karate

Habari ya kifo chake ilinikuta kwa kinyozi, Jumatano asubuhi, nusu ya uso wangu ikiwa bado na povu. Mtu mmoja alichungulia mlangoni, akatoa salamu, akasema yule mama wa Muyeye, aliyekuwa akishona nguo za karate zamani, amefariki alfajiri, na mazishi ni baada ya alasiri. Kinyozi akasema, "Inna lillahi," akaendelea na wembe wake. Ni kijana, na kwake huyo alikuwa mzee mmoja tu miongoni mwa wazee wanaotuacha kila mwezi. Nikamwomba asite kidogo. Alidhani amenikata, akaanza kunitafuta damu shingoni.

Nimeandika safu hii miaka mingi na sijawahi kumtaja, ingawa mara kadhaa nilikaa mezani nikiwa na nia hiyo. Wasomaji wengine wamewahi kuniuliza, kwa kuwa wanajua niliwahi kuvaa mkanda mweupe, kama mtoto wao aanze na karate au taekwondo. Nimewajibu kwa maneno ya kitaalamu nisiyokuwa na haki ya kuyatumia. Jibu la kweli nililipata kwake, na namna nilivyolipata sikutaka ijulikane.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Malindi nzima ilikuwa imeingiwa na wazimu wa sinema za Kichina, na kila kichochoro kilikuwa na kijana anayepiga hewa mateke. Madarasa yalikuwa mawili. La karate lilifanyika ukumbini, karibu na mji wa kale, juu ya sakafu ya saruji, na mwalimu wake alikuwa mtu wa makamo, mpole, msimamizi wa bwawa la kuogelea katika hoteli moja. La taekwondo lilikuwa kwenye mchanga nyuma ya shule, na mwalimu alikuwa mlinzi wa hoteli, mtu wa bara, mrefu, mwenye miguu iliyofika asikotarajia mtu. Nguo za michezo hiyo miwili hazikuwa zikiuzwa mjini kwetu. Zilishonwa na mjane mmoja wa Muyeye, mwanamke aliyekuwa bado hajafika arobaini, ambaye wazee wake walihamia kwetu kutoka visiwa vya kaskazini. Alishona kwa drili, kitambaa kigumu cheupe, kibarazani kwake, kwenye cherehani ya miguu. Kwa hivyo kila mwanafunzi mpya alilazimika kuamua mbele yake, kwa sababu koti la karate hufunguka kifuani na la taekwondo huvaliwa kwa kupitisha kichwa, na fundi hawezi kukata kitambaa kabla hajajua.

Nilikwenda kwake nikiwa na miaka ishirini na sita, karani katika duka la vifaa vya ujenzi, tayari nina mke na mtoto mchanga. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza nataka ipi. Nikasema sijui, naomba ushauri.

"Kazi yako nini, mwanangu?"

"Karani, mama."

"Wakaa kitini kutwa nzima?"

"Kutwa nzima."

"Basi anza na karate," akasema, akachukua futi yake ya kupimia. "Wa karate huniletea koti limechanika kwapani. Wa taekwondo huniletea suruali imechanika msambani. Wewe kwa kukaa huko, ukirusha mguu siku ya kwanza, haitachanika suruali peke yake."

Nilicheka sana. Kisha akaniuliza, huku akinipima bega, ninamwogopa nani. Nikamjibu simwogopi mtu, nataka mazoezi tu. Akasema wengi hujibu hivyo, lakini yeye ameshona nguo hizi kwa muda wa kutosha, na ameona kwamba mateke yamfaa anayemwogopa mtu wa mbali, amzuie asimsogelee; mikono yamfaa anayemwogopa mtu aliye karibu, aliyekwisha ingia ndani. Niliyachukua maneno hayo kama busara ya fundi anayewajua wateja wake. Haikunipitikia kwamba huenda yeye mwenyewe alikuwa akimwogopa mtu.

Miezi mitatu baadaye nilirudi kushonewa koti la pili. Alipomaliza kunipima hakuiweka futi chini. Aliikunja, akaikunjua.

"Mwanangu, nina jambo. Usicheke."

"Sicheki, mama."

"Yule mwalimu wenu apokea wanawake?"

"Sijaona mwanamke ukumbini. Ni nani anayetaka?"

"Mimi."

Sikucheka, lakini uso wangu bila shaka ulisema, maana aliinamisha macho. Akanieleza kwa haraka kwamba atajishonea nguo ndefu, atavaa ushungi, atasimama nyuma kabisa. Shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, alikuwa akija nyumbani kila mara akitaka aichukue ile cherehani, akisema ni mali ya ndugu yake. Cherehani ile ilikuwa mahari yake. Mumewe aliileta siku ya nikaha, mbele ya mashahidi, na shemeji mwenyewe alikuwepo akila pilau. Safari ya mwisho alikuwa amemsukuma. "Nisaidie kumuuliza mwalimu," akasema. "Nikenda mwenyewe, wale vijana watanitazama. Wewe u mtu wao."

Nikamwahidi. Na niliondoka pale nikiwa na nia njema, hilo Mungu ni shahidi. Lakini ukumbini kulikuwa na vijana wapatao ishirini, na wote walimwita yule mama kwa jina la utani ambalo sitaliandika hapa, wakiigiza jinsi alivyowazunguka na futi yake. Nilijiona nikisimama mbele yao na kumwambia mwalimu kwamba yule mama anataka kujifunza ngumi. Nikasikia kicheko chao kabla hakijatoka. Siku ya kwanza nikasema nitauliza baada ya mazoezi. Siku ya pili mwalimu alikuwa na wageni. Siku ya tatu alikaa peke yake kwenye ngazi akifunga kamba za viatu, nami nikampita nikamtakia usiku mwema.

Wiki ya tatu nikapita Muyeye. Alikuwa akinisubiri, na juu ya meza palikuwa na drili mpya iliyokwisha kukatwa, si kwa kipimo changu.

"Ehe?" akasema.

"Amesema hapana, mama."

Ningeishia hapo, uongo ungekuwa mmoja. Lakini mwongo hupenda kupamba. Nikaongeza kwamba mwalimu amesema ukumbi ni wa vijana wa kiume, na kwamba umri nao umepita. Hayo ya umri yalikuwa yangu mwenyewe. Akasema, "Haya. Mshukuru kwa kunijibu." Akakikunja kile kitambaa, akakitia chini ya meza. Wazee walisema mjumbe hauawi, ili mtu asiogope kubeba neno la mwenziwe. Mimi hakuna aliyetaka kuniua. Niliogopa kuchekwa.

Haukupita muda mrefu baada ya Idi, shemeji akaja asubuhi na mkokoteni. Majirani walisimulia kwamba yule mama aliikumbatia cherehani, yule bwana akamkamata mkono, akamvuta, kifundo cha mkono kikagonga chuma cha miguu ya cherehani, na mlio wake ulisikika nyumba ya pili. Cherehani ikaenda. Kwa aibu alikaa siku tatu ndani, mkono umefungwa leso na manjano, kabla hajakubali kupelekwa hospitali, na mfupa ukaunga kombo. Nilikwenda kumjulia hali. Alikuwa amekaa mkekani, mahali pa cherehani pakiwa wazi, na alama za miguu yake zingali sakafuni. Nikamuuliza ilikuwaje.

"Alinishika hapa," akasema, akinionyesha kwa mkono mzima. "Nilivuta, nikavuta. Sikujua mtu ajitoe vipi."

Msomaji, somo la kwanza kabisa nililofundishwa katika ukumbi ule, jioni ya kwanza, kabla ya ngumi wala teke, lilikuwa namna ya kuuchomoa mkono ulioshikwa. Huzungushwa kuelekea upande wa kidole gumba cha aliyekushika, mahali mshiko ulipo dhaifu. Mwanafunzi mpya hujifunza kwa nusu saa. Nililijua vizuri nilipokuwa nimekaa pale mkekani, na nikanywa chai yake.

Sitaki kusema kwamba jioni chache za karate zingemzuia mwanamume mwenye hasira aliyekuja na mkokoteni. Pengine zisingemzuia. Lakini si mimi niliyepaswa kupima hilo. Juma lililofuata mwalimu, ambaye alikuwa amesikia habari, aliniita kando akaniambia, "Yule mama masikini, laiti angekuja kwangu. Ningemfundisha mchana, nyumbani, mke wangu akiwepo." Nikaitikia kwa kichwa. Mwezi ule nikaacha karate, nikiwaambia watu kwamba goti linaniuma.

Yeye ndiye hakuacha. Alikwenda kwa kadhi na mashahidi wake wa nikaha, na cherehani ikarudishwa, lakini mkono wa kushoto, ule wa kuongoza kitambaa, ulikuwa haugeuki tena. Tangu hapo alishona vitu vya mstari mmoja tu: mashuka, mapazia, upindo wa leso. Kisha jioni moja akatembea peke yake mpaka kwenye mchanga nyuma ya shule, mkono wa kushoto ukiwa umekunjwa kifuani, akasimama mbele ya darasa zima la taekwondo na kumuuliza mlinzi yule wa hoteli kwa sauti ya kusikika na wote kama atampokea. Aliyekuwepo alinisimulia kwamba kulikuwa na waliocheka. Mwalimu hakugeuka kuwatazama. Alimwambia, "Mama, ndara zinavuliwa pale." Hivyo ndivyo alivyochagua taekwondo, mwanamke aliyejua fika kwamba kwa hofu yake ilimfaa karate. Mikono ilikuwa haimtoshi tena; alibakiwa na miguu.

Hadi miaka ile ya themanini inakwisha alikuwa amepanda mikanda kadhaa, na katika ua wa nyumba yake, baada ya alasiri, alifundisha wanawake na wasichana. Walianza watatu, wakafika kumi na zaidi, Waislamu na Wakristo, hata mama mmoja muuza mboga aliyekuwa akija kwa miguu kutoka Sabaki. Sijasikia kwamba alimpiga mtu hata mmoja maishani mwake. Shemeji yake alikuwa akipita barabara ya pili. Leo ni kitu cha kawaida kuona wasichana wetu wakienda mazoezini na mikoba yao, na baba zao wakiwangoja nje. Njia hiyo ina aliyeifyeka, na aliifyeka kwa mkono mmoja.

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa msichana. Alipofika miaka minane akatamani kujiunga na wenzake katika ua ule, na mama yake akaniambia nimpeleke. Niliyafikiria mambo mengi njiani. Tulipofika nikamwamkia, akaitikia kama kawaida, akamtazama mtoto, akamshika kidevu. "Huyu wako? Mwache." Hakuuliza umri, hakuuliza chochote. Mtoto alipokimbilia ndani, akabaki nami mlangoni.

"Mwalimu wenu alikuja kuniona nilipovunjika," akasema. "Nikamwambia simlaumu kwa kunikataa. Akashangaa sana."

Nikamuuliza, "Mbona hukuniambia, mama? Miaka yote hii?"

"Ningekwambia nini? Wewe ulikuwa na aibu yako, nami nilikuwa na mkono wangu. Kila mtu na wake."

Hakusema kwa uchungu. Ulikuwa wakati wa kusema maneno mawili tu, nisamehe mama, na mlango ulikuwa wazi. Nikasema, "Ah, mambo ya zamani hayo." Akanitazama, akatikisa kichwa polepole, akaingia kufundisha. Alimfundisha binti yangu miaka sita. Kila Idi nilikwenda kumsalimu nikiwa nimejiandaa, na kila Idi kulikuwa na wageni, au watoto, au halua.

Jumatano ile tulimswalia, tukampeleka makaburini. Kabla ya kushushwa, mpwa wake alisimama akasema lile linalosemwa siku zote: kama kuna yeyote ambaye marehemu alimkosea kwa neno au kwa kitendo, familia inaomba amsamehe. Watu wote tukaitika, tumemsamehe. Nami niliitika. Nilisimama pale, mzee mwenye mvi, nikitoa msamaha kwa mwanamke ambaye hakunikosea lolote, na nikangoja, kwa kweli nilingoja, asikike mtu akiuliza upande wa pili: ni nani hapa aliyemkosea yeye? Hakuna anayeuliza hivyo. Wakamshusha, wakaanza kutia udongo.

Kwa wale mnaoniuliza mtoto aanze na ipi: mpelekeni kwa mwalimu atakayemwambia avue viatu aingie. Jina la mchezo ni jambo la pili. Na mtu akikutuma swali, lifikishe, hata ukidhani unalijua jibu, hata likikuchekesha, kwa maana jibu si lako. Na ukishakosa, omba radhi aliyekosewa angali anasikia. Mimi nimeiomba leo gazetini, mbele yenu nyote. Yeye hasomi.