Pikipiki Iliyomwaga Pombe ya Posa Yangu

Watu wa Daraja Mbili wakiniona mpaka leo wananguruma kwa midomo, brrr, halafu wanacheka, nami nacheka nao ingawa moyoni nawalaani, kwa hiyo acheni aibu hii niitoe mwenyewe, na majina nitayataja, simfichi mtu.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, mimi kijana natafuta mke, na Jumamosi tulikuwa tunakwenda kumposa Ndeshi, binti wa Mzee Anaeli, kule juu mlimani. Mshenga wangu Elifasi (mkosaji wa kwanza huyo) akanicheka. "Wewe bwana, utapanda Meru kwa miguu kama unafuata mbuzi? Fundi Ayubu wa Ngarenaro anauza pikipiki ya vitani, matairi yake yana meno, matope inayala!"

Ayubu ndiye mkosaji wa pili. Nikaikagua pikipiki yake kama tunavyokagua ng'ombe kwetu (shule niliacha mapema, namna nyingine sikuijua), nikaipiga ubavuni, nikainusa, nikainama kutazama miguu, kisha nikamwambia aiamshe nisikie sauti. Jamani, sauti! Ilikohoa, ikanguruma, na juu ya mngurumo ikatoa mluzi mwembamba, mpaka nywele zikanisimama kwa raha.

"Ilikuwa ya nani?" nikauliza.

"Ya mtu wa Serikali," Ayubu akasema, anafuta mikono. "Hii inajulikana mlima mzima. Ukitokea nayo tu, watu wanatoka mbio."

Nikaona wanavyotoka mbio kunipokea! Mtu gani wa Serikali, sikuuliza. Karani wa bomani angenieleza siku ya kuiandikisha, lakini Elifasi akasema, "Kuandikisha ni Jumatatu, posa Jumamosi. Mke kwanza!"

Basi Jumamosi nikapanda, Elifasi nyuma kanishika kiuno, wazee wangu walishatangulia kwa miguu, na mimi kwa furaha naimba peke yangu, matope yanaruka, migomba inapita pembeni kama watu wanaokimbia (kumbe wengine walikuwa watu kweli). Tulipokaribia kwa Mzee Anaeli nikaongeza moto ili Ndeshi asikie mluzi.

Akasikia. Wakasikia wote.

"Koplo Mwaga!" mama mmoja akapiga yowe. "Mwageni! Mwageni!"

Koplo Mwaga ni askari aliyekuwa akisaka pombe isiyo na kibali kwa pikipiki hiyohiyo, na Mzee Anaeli, mzee wa kanisa, alikuwa amepika pombe ya ndizi ya posa bila kibali chochote. Nafika uani nakuta mitungi imelala kifudifudi, pombe inateremka kwenye mfereji, na wazee wangu wenyewe, waliokuja kuniposea, wanapenya uani mwa jirani wameshika kofia.

Nikapaza sauti, "Ni mimi! Mkwe!" lakini pikipiki ilinishinda sauti, na kuizima sikujua (Ayubu alinifundisha kuiwasha tu). Nikamwona Mzee Anaeli anakatiza migombani, koti la kanisani linapepea, nami kwa akili yangu nikaona heri nimfuate nimweleze. Matairi yana meno, si inapita popote? Nikimkaribia anaongeza mbio, akiongeza mbio nami naongeza moto, "Baba, shikamoo! Baba, shikamoo!", mpaka mzee akajitupa mferejini kwenye pombe yake mwenyewe, na mimi nikaishia kwenye kahawa, nimevunjika mkono.

Alipoinuka ananuka ndizi alinitazama, shikamoo yangu hakuiitikia. "Kwetu neno la posa halisemwi penye mtungi mkavu," akasema. "Nenda nyumbani."

Wiki iliyofuata, mkono umefungwa vijiti, nikamtuma Elifasi akaniombee msamaha. Akaenda kwa miguu, taratibu, na mtungi wa pombe yenye kibali kichwani mwa dada yake. Msamaha wangu aliuomba, sikatai. Halafu mtungi ukiwa bado umejaa, akaposa yeye. Ndeshi ana wajukuu sasa, nao wananiita babu kwa adabu sana.

Kwa hiyo mimi cha mtumba sinunui tena kwa kusikia sauti. Hata jembe nauliza: lilikuwa la nani, alilifanyia nini, na watu walipomwona nalo walikuwa wanatoka mbio kuelekea wapi?