Dago la Skauti

Wiki iliyopita nilikuwa Chake Chake kwa shughuli za harusi, nikapishana na watoto wa skauti wakitoka gwarideni, skafu shingoni, soksi zimeteremka, kila mmoja anapiga hatua yake. Nilicheka peke yangu barabarani mpaka wa bodaboda akanipigia honi. Kama uliwahi kufunga skafu ile ukajiona waziri, utanielewa.

Sisi tulikuwa Mtambile, na mwalimu wetu wa skauti alikuwa na hadithi moja aliyoipenda kuliko chakula. Skauti, alisema, ilianzishwa na askari wa Kiingereza aliyepigana vita kusini mwa Afrika, akawaona kule vijana wadogo wakipeleka ujumbe bila ya woga. Aliporudi kwao akakusanya watoto, wa matajiri na wa watu wa kawaida, akawapeleka kupiga kambi kisiwani, akiwaamsha kwa pembe ya mnyama aliyoitoa Afrika. Kisiwani! Tulipiga makofi kana kwamba tumetajwa sisi, watu wa kisiwa. Basi mwalimu alipotangaza kambi ya ufukweni Vitongoji, likizo ya karafuu, niliona nitakufa nisipokwenda.

Bibi, aliyenilea, hakuinua hata uso. Alikuwa ukumbini anachambua karafuu, nyumba nzima inanukia.

"Hwendi," alisema. "Mtoto wa kike kulala nje, nyumba kanyimwa?"

Nililia. Nikagoma kula muhogo wa nazi, jambo ambalo kwetu lilikuwa dalili ya homa. Bibi akaingiwa na wasiwasi, akaagiza mwalimu aje ajieleze mwenyewe.

Mwalimu alikuja na skafu yake, akaamkia, akaketi jamvini na kuanza kuchambua naye bila ya kuambiwa. Akaisimulia ile hadithi tangu vitani. Bibi alisikiliza mpaka hadithi ilipofika kisiwani.

"Wakilala wapi?"

"Kwenye mahema, bibi."

"Na kupika wakipikiwa na nani?"

"Wakipika wenyewe, kwa kuni, wakila pamoja."

Bibi akacheka mpaka mtandio ukamvuka. "Sasa Mzungu huyo kaanzisha nini, mwalimu? Hilo si dago?"

Dago, kama hukukulia kwetu, ni kambi ya wavuvi. Wanahamia ufuko wa mbali na vyungu vyao, wanajenga vibanda, wanavua na kula pamoja mpaka msimu uishe. Marehemu babu alikuwa mtu wa dago, na bibi alipoolewa naye alimfuata huko kumpikia. Mwalimu alitaka kuitetea historia yake, akaniangalia machoni, akaghairi.

"Ndilo, bibi. Dago hasa."

"Basi dago haliendwi na vijana watupu. Tutakwenda sote."

Nilirukaruka uani mpaka kuku wakatawanyika. Bibi alikuja Vitongoji na mkeka wake, akalala hema la wasichana, akakoroma kuishinda bahari. Alituamsha alfajiri tukasali kabla mwalimu hajaipata filimbi yake. Alijifunza saluti ya vidole vitatu, akawa anampigia kila mtu, hata muuza pweza, ambaye alishtuka akapunguza bei. Usiku tulizunguka moto tukila samaki wa kuchoma, vidole vinaungua, na yeye akatusimulia dago la babu. Sikupata kumwona na furaha ile tena. Nilidhani ile ni safari yangu, kumbe ilikuwa yake zaidi.

Sasa hayupo, Mungu amrehemu. Mwalimu alihamia Unguja, na pale tulipokita mahema pana ukuta mrefu na geti. Mimi nasafiri nchi za watu, naaga kwa simu, hakuna wa kunikatalia. Ruhusa niliyokuwa nikiililia ninayo yote mkononi. Lakini kila ninapofunga begi moyo unasononeka, natamani angekuwepo mtu wa kuniambia hwendi, kisha akakunja mkeka wake tukaenda naye.