Sindano ya Mama Kine

Mji mzima wa Baraka humwita mama huyo kine, kwa Kifaransa cha mkato, kwa kuwa kazi yake ni kunyoosha viungo. Kila Jumanne hupasha mikono yake moto kwapani kabla ya kuigusa miguu ya Willy, iliyokufa ganzi tangu alipoanguka kutoka juu ya mchikichi, kisha huikunja na kuikunjua huku akihesabu kwa Kibembe, polepole, kama anayebembeleza mtoto. Solange, mke wa Willy, huchemka kwa wivu: mikono hiyo laini haijawahi kumsafisha Willy baada ya haja, kama afanyavyo yeye kila siku.

Leo kine alileta fomu ya hospitali ya ng'ambo inayojaribu kupandikiza seli shina kwenye uti wa mgongo. Watachukuliwa wale tu ambao bado wana hisia kidogo miguuni. Alimfunga Willy kitambaa machoni, akainua sindano, asimguse.

"Unasikia?"

"Ndiyo, mama kine! Inachoma mingi!"

Solange aliuma mdomo. Yeye hajaambiwa na Willy kwamba anasikia, miaka mitatu sasa tangu aanguke.

Kine hakuandika. Alimpa Solange sindano. "Mama, uliza weye."

Solange alichoma kweli, tone la damu likatoka. "Willy, unasikia?"

Willy aligeukia sauti ya mkewe. "Hapana, Sola. Sisikie kitu."

Kine aliliandika jibu hilo la kweli, kisha akamtazama Solange kwa jicho la wivu ambalo Solange alilijua vema, kwani kila Jumanne lilikuwa lake.