Waya wa Mzee wa Masese

Ukitaka kucheka, cheka sasa, ukimaliza unisikilize. Jambo hili lilinipata Jinja saa nane mchana, jua kali, na sikuwa nimeonja hata tone la waragi.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nimepunguzwa jeshini, nabeba magunia Namatala, kule Mbale. Muziki nilijifunza kwenye bendi ya kambi. Nikajitafutia vinanda viwili vya umeme, vile ambavyo ukibonyeza vinapiga ngoma na besi vyenyewe. Ukiviunganisha kwa waya, kimoja kinaongoza, cha pili kinafuata mwendo wake, na mtu mmoja anasikika kama bendi nzima. Bila waya, kila kimoja kinakimbia na ngoma zake. Aibu tupu.

Bibi mmoja mwenye hoteli Jinja akaniita anijaribu. Nikimpendeza, nitapiga kwake kila Jumamosi. Nikishindwa, narudi kwenye magunia, na mgongo ulikuwa umeshakataa.

Nafungua mizigo, waya haupo. Nimeuacha nyumbani kwenye msumari, nilikoutundika mwenyewe ili nisiusahau. Nikakaa chini.

"Afande, unatafuta hii?"

Mzee, miguu mitupu, suruali imelowa hadi magotini. Alisema ametoka Masese, kule ufukweni mwa ziwa. Mkononi ana waya kama wangu kabisa. Nikauchomeka haraka haraka, naye akanishika bega kwa mkono wa baridi.

"Umechomeka kwenye tundu la kutoka, na huku pia la kutoka. Wote wanasema, nani anasikiliza?"

Kweli, nilikosea. Nikahamishia upande mmoja kwenye tundu la kuingia.

"Sasa wewe ongoza," akasema. "Hicho cha pili niachie."

Nikadhani ananitania. Nikainua kichwa nimshukuru, hayupo.

Nikapiga. Niamini, kinanda cha pili kilitoa tarumbeta ambazo sikuwahi kuziweka, zinanijibu kila ninachopiga. Wapishi walitoka jikoni wakacheza na miiko mikononi. Nilifurahi hadi machozi yakanitoka.

Bibi mwenye hoteli akaja anapangusa jasho.

"Kazi mmepata. Ila bwana, mwambie mwenzako Jumamosi avae viatu."

"Mwenzangu yupi?"

"Si huyo mzee aliyekuwa anapiga hicho cha pili?"

Nikainama nyuma ya vinanda. Matundu yote matupu. Waya hakuna.

Ungekuwa wewe ungekimbia? Mimi nilirudi Jumamosi, na viti viwili. Magunia sijabeba tena hadi leo. Waya wangu bado uko nyumbani Namatala kwenye msumari, mke wangu anauanikia soksi. Nikitunga wimbo, narekodi sehemu yangu, naenda kunywa chai, nikirudi tarumbeta zimeshaingia. Hizo nyimbo mnazochezea harusini Mbale, nusu si zangu, nakiri.

Basi wewe mwenye vinanda viwili, kagua waya kabla ya kufunga mzigo. Na ukija kunisikiliza, karibu sana, lakini kile kiti cha pili usikikalie. Kuna bwana mmoja alikikalia kwa ubishi, akainuka suruali imelowa hadi magotini.