Korosho za Juu ya Gunia

Mama Leonia, mshona magunia wa ghala la kijiji kule Newala, hakuwahi kumwona mzee mpimaji wa ubora akigusa korosho ya juu. Mzee huyo mkono wake uliobabuliwa na mafuta ya maganda aliuzamisha guniani mpaka kwapani, akachota za chini, akazipasua kwa kisu moja moja na kuzinusa. Mkulima akinung'unika, alimjibu kwa sauti yake ya puani, "Za juu umenipangia wewe."

Siku ya kura za maoni za kumpata mgombea urais wa chama, katibu wa wilaya alikuja na sanduku, kisha akawaambia wanachama wasijisumbue. Mikoa mitatu imeshapiga, mshindi anajulikana, kilichobaki ni makofi. Wakapiga makofi, Mama Leonia naye akapiga, na viganja vyake vikamwaibisha. Mpimaji alikunja mikono.

"Hao wa mwanzo wakishatupigia kura, watakula pia kwa niaba yetu?" aliuliza. "Nipe karatasi."

Akaandika, akaikunja, akaitumbukiza. Hakuna mwingine aliyeinuka. Jioni redio ikasema Newala wamempitisha mgombea kwa kauli moja. Kauli moja! Mama Leonia aliizima kwa kofi.

Msimu ulipofunguliwa, katibu alileta magunia yake mwenyewe ghalani.

"Shikamoo mzee. Nina haraka, zitazame hizi za juu tu."

"Marahaba," alisema mpimaji, akaanza kukunja mkono wa shati, taratibu, mpaka begani.