Mtoto Aliyejua Majibu Yote

Mimi si mtu wa kuyumbishwa ndani ya chumba cha kupimia. Katika mafunzo ya saikolojia nilikaririshwa sheria moja mpaka ikaingia kwenye damu: soma swali jinsi lilivyoandikwa, usidokeze, usitabasamu kwa jibu zuri. Wenzangu wakaniita sanamu. Wacha waite, kazi niliijua.

Asubuhi moja, katika ofisi yetu katikati ya jiji, aliletwa msichana wa miaka tisa kutoka mtaa wa Kabiria. Kusoma kulikuwa kumemshinda. Ripoti yangu ndiyo ingeamua kama shule itampa mwalimu wa kumsaidia. Mama yake alibaki nje, kama inavyotakiwa.

Swali la kwanza alijibu sawasawa. La pili alilijibu kabla sijafika katikati. La nne alilijibu sikuwa hata nimefungua ukurasa wake.

Nikaweka kalamu chini, nikatoka. Hasira zilikuwa zimenipanda.

"Mama, nani amemfundisha haya maswali?"

"Ni jirani. Mtoto wake alipimwa hapa. Tumerudia wiki nzima," alisema kwa fahari. "Si amepita, daktari?"

"Mimi si daktari. Na akipita, shule itasema hana shida. Huyo mwalimu hatampata."

Uso wake ukaanguka. "Mimi nilikuwa nataka tu asionekane mjinga," alisema, akajifuta machozi kwa leso. Hasira zangu zikaisha pale pale.

Ningeweza kukisia alama, maana mtoto anayehangaika namjua nikimwona. Lakini kukisia si kupima. Nikaufuta mtihani ule, nikatoa kabatini mwingine ambao jirani hakuujua.

"Hii hatujafanya," msichana alisema, macho yakiwa mlangoni.

"Ndiyo maana nimekupa. Usilojua, sema tu hujui."

Alisoma kwa kidole, neno moja moja, akikwama na kurudi nyuma. Moyo uliniuma, lakini sikumdokezea hata herufi. Kila alipokwama niliandika, na kila nilichoandika kilimsogeza karibu na mwalimu wake.

Tulipomaliza alimkimbilia mama yake nje.

"Mum, nyingi sikujua," alisema. "Na hakuna mtu amenicheka."

Mama alimvuta kifuani, akanitazama. Mtihani ulikuwa umekwisha, kwa hiyo nikatabasamu mpaka jino la mwisho.