Bunduki Safi ya Bwana Pamba

Nguruwe mwitu alisimama ubavu kwenye ukingo wa mahindi, karibu kabisa, akitafuna kana kwamba shamba ni la babu yake. Bwana Pamba akalenga, akabana pumzi, akafyatua. Risasi ikapiga kichuguu pembeni. Nguruwe akamtazama, halafu akaondoka zake bila hata haraka, na hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi.

Jina la Pamba alipewa kwa usafi wake. Kila Jumamosi, awe amefyatua au hajafyatua, alikaa barazani na pamba, mafuta na fimbo ya chuma, akausugua mtutu wa bunduki yake kuukuu mpaka ndani kung'ae. Mkewe alikuwa akisema laiti angezaliwa bunduki, naye angekandwa mgongo. Tena Bwana Pamba hakuwa mtu wa kunyamazia uchafu wa wenzake, hasa wa shemeji yake, kaka wa mkewe. Bunduki ya huyo ilikuwa na kutu kwenye komeo, kile chuma cha kuvuta nyuma ya mtutu, na utando wa buibui mtutuni, na bado ilikuwa inaua.

Habari za nguruwe zikamfikia mwenyekiti wa wakulima.

"Mzee wangu," akasema kwa upole, "Jumamosi utapiga shabaha mbele yetu. Ukikosa, ulinzi wa mashamba tutampa shemeji yako."

Upole ule ulimnyima usingizi. Ulinzi wa mashamba ndio uliofanya watu wasimame njiani kumwamkia. Bila huo angebaki kizee mwenye kofia tu, kama wengine.

Akaanza kusaka kosa. Kwanza alizilaumu risasi, kwamba zimekula unyevu. Akaleta mpya, nazo zikaenda kombo vilevile. Akakaza skrubu za vilengeo. Akakianika kitako, maana mbao ikivimba kwa mvua husukuma mtutu. Wapi! Matundu yakatapakaa kwenye boksi alilolilenga kama kuku waliorushiwa jiwe.

"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua," mkewe akasema huku akianua nguo. "Pengine ni macho, baba watoto."

"Macho yangu yanakuona vizuri sana unavyocheka."

Ili amalize hilo la macho, akaazima bunduki ya shemeji, akaishika kwa ncha za vidole. Risasi zote zikaingia karibu tundu moja. Hilo lilimkera kuliko kukosa.

Ikabidi aende kwa fundi wa silaha. Fundi akauangalia mdomo wa mtutu kwa kioo cha kukuzia.

"Nani huisafisha hii?"

"Mimi mwenyewe. Hagusi mtu mwingine."

"Fimbo unaiingizia wapi?"

"Hapa mbele, mdomoni."

Fundi akashusha pumzi. "Basi mzee, umeimaliza mwenyewe. Chuma kimesugua mdomo mpaka umelika upande mmoja. Risasi ikitoka inasukumwa kando, kama chai kwenye birika lililovunjika mdomo. Fimbo huingizwa kwa nyuma, ukishachomoa komeo. Na si kila wiki, jamani."

Bwana Pamba aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Fundi akakata ncha ya mtutu, akausawazisha mdomo, akakirudisha kilengeo. Bwana Pamba akamsihi neno hilo lisitoke karakanani.

Jumamosi shabaha ilitoboka katikati, tena na tena. Mwenyekiti akafurahi mno.

"Mmeona?" akawaambia wakulima. "Huo ndio usafi! Shemeji, na wewe mpe yako akusafishie."

Bwana Pamba angeweza kusema kweli hapohapo. Alisafisha koo, akapokea pongezi.

Jioni shemeji akamfuata nyumbani, hana kinyongo hata chembe, akamkabidhi bunduki kwa mikono miwili.

"Umenishinda, shemeji. Nisaidie tu. Mimi mvivu, unanijua."

Bwana Pamba akaketi, bunduki magotini. Akapangusa utando wa buibui. Komeo lilikuwa pale pale, angelivuta mara moja tu lingetoka. Akalitazama sana. Akayakumbuka yale matundu yaliyokaribiana.

"Usijali, shemeji," akasema. "Nitakusafishia kila Jumamosi."

Kisha akaizungushia pamba fimbo ya chuma, akaiingiza kwa mbele.